Waya ya stima ikianguka bomani: la kufanya kabla mafundi hawajafika

Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda kuelekea milima ya Nandi, Kericho na Kisii, na ikifika saa tisa au saa kumi alasiri mawingu yameshajaa. Kuanzia Machi hadi Mei, tena Oktoba hadi Desemba, mikaratusi hung'oka na mizizi yake kwa sababu udongo umelowa, mijakaranda ya Nakuru hupasuka matawi, na posti za mbao zilizooza usawa wa ardhi hulala. Kakamega na Bungoma mvua huendelea hata Julai na Agosti. Dhoruba kubwa ikipita, utakuta waya mahali: barabarani, juu ya mabati, ndani ya miwa, au imening'inia kimo cha kichwa cha mtoto. Haya ni ya muda ule kati ya waya kuanguka na mafundi kufika, ambao unaweza kuwa saa moja na unaweza kuwa siku mbili.

Kosa kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba waya isiyotoa cheche wala mlio haina moto, yaani haina stima ndani yake. Watu husema, "fyuzi ya transfoma lazima imekatika." Hebu tupige hesabu.

Waya inayolisha nyumba ina volti 240. Ikianguka kwenye udongo, mkondo unarudi transfoma kupitia ardhi, na ardhi haipitishi stima vizuri. Tuseme ukinzani wa njia hiyo yote, yaani jinsi inavyoizuia stima kupita, ni omu 60. Gawa 240 kwa 60, unapata amperi 4. Birika la stima la wati 2,000 huvuta amperi zaidi ya 8. Fyuzi ya transfoma imewekwa kubeba mtaa mzima, kwa hiyo waya iliyolala chini ni mzigo mdogo kuliko chai ya jirani mmoja. Fyuzi haitakatika leo wala kesho. Sasa weka mtu hapo. Mwili uliolowa una ukinzani wa omu 1,000 hivi, kwa hiyo volti 240 zinapitisha miliamperi 240. Kifaa cha RCD ndani ya nyumba hukata stima inayovuja ikifika miliamperi 30, kwa sababu kupita kiwango hicho moyo uko hatarini. Tena RCD hiyo iko baada ya mita. Kinachotokea uani, kati ya posti na ukuta wako, haikioni kabisa.

Laini kubwa, ile ya volti 11,000 au 33,000, ina hatari nyingine juu ya hiyo. Swichi zake nyingi zimewekwa zijirudishe zenyewe, maana mara nyingi tatizo ni tawi lililogusa waya kisha likadondoka. Swichi inakata, inasubiri sekunde chache, inarudisha. Ikishindwa, mhandisi anaweza kujaribu tena baadaye. Kwa hiyo waya uliyoiona imetulia dakika kumi nzima inaweza kupata moto wakati ule ule mtu ameinama kuisogeza. Kwenye lami, kokoto au mchanga mkavu, mkondo unaopita huwa mdogo hata swichi isihisi kitu, na waya ikalala na moto wake mpaka asubuhi. Wala usifikiri kipande kilichokatika upande wa mbali na transfoma ni salama. Kinaweza kurudishiwa moto kupitia transfoma nyingine iliyo mbele, au mota ya kinu cha posho, au jenereta ya mtu.

Kwa sababu hizo, mtu asiye na vyombo vya kupimia hana njia ya kujua kwamba waya haina moto. Kugusa kwa mgongo wa mkono, kurusha jiwe, kuchokoza kwa mti, hakuna kinachokupa jibu.

Ardhi yenyewe

Umbali wa kukaa ni mita 10, yaani hatua kama 15 za mtu mzima, ukipima kutoka sehemu ya waya iliyo karibu nawe na kutoka kila kitu inachogusa. Usipime kutoka kwenye posti. Ukiweza kwenda mbali zaidi, nenda. Watu wengi huona umbali huo ni woga, kwa kuwa wanaamini stima iko ndani ya waya peke yake. Kumbe inapoingia ardhini inasambaa pande zote, na volti za udongo hupungua kadiri unavyoenda mbali. Mfano: amperi 50 zikiingia mahali pamoja kwenye udongo wenye ukinzani wa omu-mita 100, mita moja kutoka hapo udongo una volti 796 hivi. Mita mbili, volti 398. Mtu akiweka mguu mmoja hapa na mwingine pale, tofauti ya karibu volti 400 inapanda mguu huu na kushuka ule, na hajagusa waya. Kati ya mita 10 na mita 11 tofauti hiyo ni volti 7 tu.

Ndiyo maana ng'ombe hufa kwanza. Kati ya miguu yake ya mbele na ya nyuma kuna kama mita moja na nusu, na moyo uko katikati ya njia hiyo. Ukikuta ng'ombe ameanguka karibu na waya, au mbuzi aliyefungwa kamba anarukaruka bila sababu, usiende kumfungua. Najua uchungu wa kumtazama mnyama uliyemlea akifa, hasa ng'ombe wa maziwa anayelipa karo. Hata hivyo udongo uliomwangusha yeye utakuangusha wewe unapomfikia.

Ukigundua umeshaingia ndani ya eneo hilo, pengine umehisi miguu inawasha au inatetemeka, simama. Usigeuke kukimbia, kwa sababu hatua ndefu ndiyo inayoua. Bana miguu yako pamoja, kisha uiburute kidogo kidogo bila kuiinua, kisigino cha mguu mmoja kisipite vidole vya mwingine. Ondoka hivyo mpaka umalize zile mita 10. Usishike mtu, ukuta, mti wala baiskeli.

Kwenye gari lililoangukiwa na waya, kaa ndani, usiguse vyuma, piga simu na uwazuie watu wasikaribie. Gari likianza kuungua tu ndipo utoke: fungua mlango, ruka kwa miguu yote miwili pamoja bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha uondoke kwa kuburuta miguu. Mtu wa bodaboda hana kinga hiyo. Akiona waya mbele ageuze mapema, na asipite chini ya iliyolegea hata kama wengine wanapita.

Gambuti hazikukingi. Raba nyeusi ya viatu vya dukani haikutengenezwa wala kupimwa kwa kazi ya stima, na tundu dogo lenye maji linatosha kupitisha mkondo. Ufito uliolowa nao unapitisha. Glavu za mafundi wa laini ni za aina yake, zinapimwa kwa volti maalum, na hata wao hukagua kila siku kama zimetoboka.

Waya ikigusa mabati, seng'enge au kamba ya nguo

Nyumba nyingi za huku zina paa la mabati, gata la bati, mlango wa chuma, madirisha ya chuma, na tangi la maji lililounganishwa na gata. Waya ikilala juu ya bati moja, vyote hivyo vinaweza kupata moto pamoja. Nyumba ya kuta za mabati inapata moto yote.

Ukiwa ndani, baki ndani mradi nyumba haiungui wala haitoi moshi. Kaa katikati ya chumba, mbali na kuta za bati, mlango, dirisha, bomba na sinki. Usifungue maji. Walete watoto hapo katikati, wakae kwenye kiti cha mbao au kitanda cha mbao. Piga simu, kisha waambie majirani kwa sauti wasiguse geti lako wala ukuta. Madhara mengi ya namna hii humpata mtu anayekuja kusaidia: anashika geti la chuma akiwa amesimama kwenye matope.

Meni swichi uizime iwapo tu unaifikia bila kugusa chuma na bila kusimama majini. Ujue pia mipaka yake. Inakata stima inayotoka kwenye mita kuingia nyumbani. Waya iliyo juu ya paa inatoka kwenye posti, haipiti kwenye meni yako, na haitakufa kwa kuwa umeizima.

Nyumba ikianza kuungua itabidi kutoka. Chagua mlango wa mbao kama upo. Kama ni wa chuma na umeshafunguka, pita katikati bila kugusa fremu, ruka nje kwa miguu miwili pamoja, halafu buruta miguu kuelekea upande ulio mbali na waya, gata na tangi.

Seng'enge ya shamba ni hatari ambayo watu huisahau. Waya ikianguka juu yake huku mwanzo wa shamba, seng'enge hubeba moto mamia ya mita, kupita boma la jirani, hadi kwenye njia ya watoto wa shule. Posti za ua zikiwa za mbao kavu, seng'enge haipati njia ya kumwaga moto wake ardhini, inabaki ikisubiri mkono. Ikitokea hivyo, tuma watu upande wa mbali wa ua, wasimame nje ya mita 10 na kuwarudisha wapitao. Vivyo hivyo kwa waya ya kuanikia nguo iliyofungwa kutoka nyumba hadi kwenye mti. Mimi ningependa kila boma lianike kwa kamba ya nailoni na kuachana na zile za chuma kabisa.

Halafu kuna steiwaya, ile nyaya nene inayoshikilia posti kutoka pembeni. Juu yake kuna kikombe cha kauri chenye umbo la yai, kinachotenganisha sehemu ya juu na ile unayoweza kuigusa. Posti ikiinama, steiwaya hulegea na kuyumba mpaka sehemu ya chini ikagusa waya yenye moto, na hapo lile yai halisaidii tena. Usifunge ng'ombe kwenye steiwaya hata siku ya jua.

Miwa na mafuriko

Mumias, Chemelil na Muhoroni, waya inaweza kulala ndani ya miwa iliyopita kimo cha mtu, isionekane na yeyote mpaka wakataji waingie na mapanga. Kabla ya kuingia shambani asubuhi baada ya dhoruba, simama barabarani na uhesabu waya kati ya posti moja na nyingine. Idadi ikipungua mahali, au waya moja ikishuka kwa mteremko usiofanana na wenzake, iliyopungua iko chini ndani ya hilo shamba. Hesabu hiyo inachukua dakika mbili, na msimamizi wa wakataji aifanye kabla ya kugawa mistari.

Uwanda wa Kano na Budalang'i shida ni maji. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukilowa hulainika, posti zinainama bila kuanguka, na waya zinashuka. Usiitegemeze posti kwa magogo wala kuivuta kwa trekta. Ukiitikisa unaweza kukata waya iliyokuwa bado imeshika. Waya iliyo chini ya maji haionekani, na maji ya mafuriko yana matope na chumvi zinazopitisha stima. Mahali ambapo posti imelala majini, watu wazunguke mbali, hata ikimaanisha kupita kwa jirani. Wanaovusha watu kwa mtumbwi wakumbuke kwamba maji yakipanda mita moja, laini imekuwa karibu mita moja zaidi, na anayesimama akisukuma kwa upondo mrefu uliolowa anaufikisha mahali ambapo siku za kawaida haufiki. Chini ya laini, upondo ulazwe na mtumbwi upigwe kasia.

Taa zikiwaka kupita kiasi

Hapa nitakaa kidogo, maana hasara nyingi za televisheni na friji baada ya dhoruba hutoka hapa, na watu husingizia radi.

Kutoka kwenye transfoma ya mtaa hutoka waya tatu za moto na moja ya nyutro, ile ya kurudishia stima kwenye transfoma. Nyumba ya kawaida huunganishwa kwa waya moja ya moto na nyutro, inapata volti 240. Kati ya waya mbili za moto kuna volti 415. Tawi likikata nyutro peke yake, stima haipotei. Nyumba zilizo kwenye waya tofauti za moto zinajikuta zimeunganishwa mfululizo, zikigawana zile volti 415, na hazigawani sawa. Chukua nyumba mbili. Moja ina taa na televisheni, jumla wati 100. Ya pili inapiga pasi, wati 1,000. Ukinzani wa ya kwanza ni omu 576, wa pili ni omu 57.6. Nyumba ya taa na televisheni inapata volti 377, ile ya pasi inabaki na 38. Wa kwanza anaunguza vitu, wa pili anadhani stima imepungua nguvu na anawasha vitu zaidi, na kwa kufanya hivyo anamuumiza mwenzake zaidi.

Dalili zake: balbu zinang'aa kuliko kawaida au zinafifia, mwanga unapanda na kushuka jirani anapowasha kitu, chaja inanuka, friji inavuma bila kuanza. Ukiona mojawapo, zima meni swichi saa hiyo hiyo, kabla ya kuchomoa plagi moja moja. Kisha uwaambie majirani wazime za kwao, na kwenye simu useme nyutro imekatika. Neno hilo linamfanya anayepokea aelewe uzito wake.

Waya moja ya moto ikikatika badala ya nyutro, anayeumia ni mwenye mota ya awamu tatu, inayotumia waya zote tatu za moto: kinu cha posho, pampu, mashine ya mbao. Mota inavuma, haina nguvu, inapata joto, na koili zake zinaungua baada ya muda mfupi. Kinu kikibadilika sauti wakati wa upepo, kizimwe kwanza, mahindi yatasubiri.

Ile waya inayotoka posti ya mwisho mpaka ukutani kwako nayo iangaliwe kwa jicho kali. Ina ganda, kwa hiyo watu huishika bila woga na kuirudisha juu ya msumari. Katika aina moja ya waya hizo, nyuzi za nyutro zimezungushwa nje ya waya ya moto, zikitenganishwa kwa plastiki nyembamba. Tawi likiiponda, au ikisuguana na ncha ya bati, ganda linapasuka. Nyuzi za nje zikiwa zimekatika upande wa posti na meni yako bado imewashwa, moto unapita kwenye balbu zako na kurudi kwenye nyuzi hizo unazoziona ni nyutro tu. Usiishike. Ikiwa mita imeng'oka ukutani na kuning'inia, usiirudishe. Weka kitu cha kuzuia watu, ukae mbali.

Simu

Namba ya Kenya Power ni 97771, na kwenye simu yoyote unaweza kupiga *977#. Anayepokea hayuko mtaani kwenu, kwa hiyo mpe kinachomwezesha kuwatuma mafundi wakiwa na vifaa sahihi. Taja namba ya mita au akaunti, jina la mahali na alama inayojulikana kama shule, kanisa, kinu au soko. Kama namba ya transfoma imeandikwa na unaisoma ukiwa mbali, isome. Eleza waya imetoka juu kabisa ya posti, kwenye mkono wenye vikombe vya kauri, maana hiyo ni laini kubwa, au imetoka chini kwenye zile za kuingia majumbani. Eleza inagusa nini, kama kuna mtu au mnyama ameumia, kama posti imevunjika, na kama kuna mti juu yake. Posti iliyovunjika inahitaji lori na posti mpya. Usiposema, watakuja na ngazi. Chukua namba ya ripoti uiandike. Mtu mwingine wa mtaa naye apige, ripoti nyingi za mahali pamoja husaidia.

Mkingoja, fungeni njia. Kamba ya katani yenye vitambaa na matawi barabarani pande zote mbili, nje ya mita 10, na mtu mzima mmoja kila upande. Giza likiingia, tochi. Kundi la watazamaji lisogezwe, hasa watoto.

Msimwite kijana wa mtaa anayejua kushusha fyuzi ya transfoma kwa mti. Fyuzi za upande wa juu zina volti 11,000 au 33,000, na mafundi huzishusha kwa fimbo maalum ya kuzuia stima. Usikate mti ulioegemea waya pia. Mti mbichi unapitisha stima, na ukikata tawi, uzito ukihama, waya iliyokuwa imebanwa inafyatuka kama upinde.

Mtu akinaswa

Ni vigumu kuandika sehemu hii, kwa kuwa anayesoma anaweza kuwa baba au dada wa aliyenaswa, na ninachomwambia ni kungoja. Kama ni laini kubwa, mtu yeyote asimkaribie mpaka Kenya Power waseme imezimwa. Kama amenaswa na kitu cha ndani ya nyumba, kimbilia meni swichi, zima, kisha umguse. Kama ni waya ya kati ya posti na mita, meni haisaidii. Ufito mkavu ambao watu husema umwondoe nao huwa haupo wakati wa mvua, wala kamba kavu. Piga 97771 useme mtu amenaswa, kisha piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa 1199.

Stima ikishakatwa kwa hakika, mwangalie kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali mahali pagumu, weka viganja viwili katikati ya kifua, ubonyeze sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefundishwa kumpulizia, fanya mibonyezo 30 na pumzi 2. Kama hujafundishwa, bonyeza tu bila kuacha, na mpokezane. Moyo uliosimama kwa stima unaweza kurudi, usikate tamaa mapema. Majeraha ya moto yamwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Hata aliyesimama na kusema hana shida apelekwe hospitali, kwa kuwa mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika baadaye na misuli ya ndani huungua pale ambapo ngozi inaonyesha alama ndogo tu.

Jenereta na sola

Stima ikikaa siku mbili bila kurudi, jenereta hutolewa stoo. Anayechomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya yenye plagi pande zote mbili, bila swichi ya chenjiova inayotenganisha nyumba na laini ya nje, anapeleka volti 240 nje kwenye posti. Zikifika kwenye transfoma zinapandishwa, na fundi aliye juu ya posti akirekebisha laini yenu anakutana na maelfu ya volti kutoka kwako. Mafundi hupima na kufunga athi, yaani waya ya kupeleka stima ardhini, pande zote mbili za wanapofanya kazi kwa sababu hiyo, lakini usiwaachie mzigo huo. Tumia chenjiova iliyofungwa na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, au uchomeke friji na taa moja kwa moja kwenye jenereta kwa kebo ya kurefusha. Inveta ya sola nayo iwe ya aina inayojikata stima ya nje ikipotea. Gari la mafundi likifika, waambie nani ana jenereta au sola mtaani.

Kabla ya kuwasha tena

Mafundi wa Kenya Power wanamaliza kwenye mita. Kilicho baada ya mita ni chako, na kama waya imevutwa kutoka ukutani au maji yameingia kwenye boksi, mwite fundi mwenye leseni kabla ya kuwasha. Apime kwa mashine ya volti 500 kati ya waya na athi. Ikisoma chini ya megaomu 1, kuna mahali maji au mkwaruzo umeingia. Afukue juu ya athi rodi, ile nondo iliyochimbiwa ardhini, na kukaza kibano chake, kwa sababu mafuriko na jembe hukilegeza. Akague kama bomba au chuma kilichoshika waya ukutani kimepinda. Abonyeze kitufe cha kujaribu RCD; isiporuka, ibadilishwe siku hiyo.

Kuwasha kufanywe hivi: chomoa vitu vyote, shusha breka zote, washa meni, fundi apime volti. Zikiwa karibu na 240, pandisha breka za taa, kisha za soketi, moja moja. Zikizidi 260, zima yote na upige simu tena, huenda nyutro haijarekebishwa vizuri. Friji ichomekwe mwisho, baada ya dakika tano hadi kumi za stima iliyotulia. Vitu vilivyoungua vipigwe picha pamoja na risiti zake, uviambatanishe na namba ya ripoti kwenye barua ya madai utakayopeleka ofisi ya Kenya Power iliyo karibu. Picha za waya piga ukiwa mbali.

Kisha tazama miti. Mkaratusi wa miaka minane unaweza kupita mita 20, na ukianguka unafika urefu wake wote. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa mikaratusi uwe umbali unaozidi kimo cha mti mkubwa, mita 30 kutoka kwenye laini ukipata nafasi. Ukanda unaobaki si wa kupotea bure: nepia, maharagwe, viazi na migomba mifupi hufaa hapo. Mti uliokwisha kukua karibu na waya usipande kuupogoa mwenyewe, ripoti kwa namba ile ile ya 97771 mapema, Februari, kabla mvua haijaanza.